Meseji za Fundi Cherehani Zilibaki Wazi Dukani

Uvumi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki: kwamba wakubwa wana mtambo wa kusoma meseji zetu hewani. Nilimwambia binti yangu, akacheka. "Mama, hii programu ya meseji ina kufuli. Hata walioitengeneza hawasomi. Wewe na kisimu chako cha tochi utajuaje?"

Leo saa moja asubuhi binti yangu amekaa mlangoni, anashona sare ya shule kwa mkono. Kidole kimetobokatoboka. Ni fundi cherehani kwa miaka tisa sasa, alikuwa akitoa sare sita kwa siku. Sasa moja, kwa taabu. Cherehani yake iko kituo cha polisi, eti kielelezo. Kielelezo cha nini? Uzi na sindano vilipanga njama?

Kosa lake ni hili. Mafundi waliambiwa mabanda yao yatavunjwa, na pa kuhamia hawakuonyeshwa. Wakafungua kikundi kwenye simu, watu kumi na wanne, wapange kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya pamoja.

Wiki hiyohiyo akaenda duka la kuchapisha kutoa mchoro wa nembo ya shule. Mafundi wote hufanya hivyo: unaunganisha programu ile ya meseji na kompyuta ya duka, mchoro unatoka, unaondoka. Yeye aliondoka bila kuitenganisha. Meseji zake zote zikabaki pale, na kila mpya ikawa inaingia.

Askari walipokuja dukani hapo kuulizia mafundi, hawakuhitaji mtambo wowote. Walivuta viti mbele ya kompyuta hiyo.

"Siku mbili wanasoma, mama," mwenye duka aliniambia, macho chini. "Na chai wakaagiza. Mimi ningewakatalia kama nani?"

Binti yangu walimshikilia siku tatu. Walimsomea hata alichomwandikia dada yake kuhusu uvimbe wangu wa titi. Mmoja akamuuliza, "Vipi, titi la mama limepona?" Wenzake wakacheka. Watu wanaolishwa kwa kodi zetu! Hawana mama?

Nilikwenda kwa fundi simu nikiwaka. "Kufuli linalinda meseji njiani tu, shangazi," alisema. "Ikishafika, ni barua iliyoachwa mezani."

Binti yangu anaripoti kituoni kila Jumatatu. Anataka cherehani yake, na kikundini amerudi. "Nikinyamaza, nitashonea wapi?"

Sitamzuia. Ila ninyi wenye watoto, wasomeeni haya:

Usiunganishe simu yako na kompyuta ya duka. Beba mchoro kwenye flashi.

Kama uliwahi kuunganisha, fungua mipangilio leo hii, uondoe kila kifaa usichokijua.

Usifungue simu kwa alama ya kidole. Kidole watakishika kwa nguvu. Weka namba.

Usiache meseji za zamani zirundikane. Ziwekee muda zifutike.

Usimwingize kikundini mtu anayejulikana na mmoja tu.

Usidhani kufuli linaficha uliongea na nani, na saa ngapi. Hilo hujulikana.

Ukiitwa kituoni, usiende peke yako.