Programu mpya ilikuja na kumwondoa Rashid kando yangu

Admin, nisitirie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, niko Mombasa, sijawahi kuolewa, na nyumbani kwangu sauti ni ya redio tu.

Miaka ya tisini nilikuwa nikiandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu nitakayemwita Rashid. Programu ya mizigo tuliyoikuta ilikuwa ndefu ajabu, maagizo yale yale yamerudiwa kila mahali. Tukapewa kazi ya kuyatoa yanayojirudia na kuyafanya fungu moja lenye jina lake, fanksheni, ili liitwe tu linapohitajika. Tulikaa kwenye kompyuta moja, yeye akisoma, mimi nikikata. Majina ndiyo tuliyobishania mpaka tukacheka.

"Hili tuliite Pima."

"La, Bwana Rashid, Pima lipo! Utatuchanganya."

Jioni alinisindikiza hadi Feri, maana nilikuwa nikivuka kwenda Likoni. Hakutamka neno la mapenzi, lakini mama alishaanza kuuliza watu wake ni akina nani.

Mwisho mwisho wa miaka ile tajiri wetu, mwenye kampuni, akaleta programu kutoka ng'ambo. Unachagua mistari, unabonyeza, yenyewe inaitoa, inaifanya fanksheni na kupanga kila kitu. Kazi yetu ya wiki nzima ikawa ya asubuhi moja. "Sasa mmoja atosha," tajiri akasema, na Rashid akahamishiwa Nairobi. Siku ya kuagana alinipa mkono. "Haya dada, kazi imekwisha."

Dada! Niliingia chooni nikalia.

Nikabaki na mashine isiyobishana na mtu. Baadaye nikasikia ameoa. Posa zilinijia nikazikataa, mpaka zikakoma. Mama naye akafariki.

Mwezi uliopita dadake Rashid alinibishia hodi. Kaka yake amefiwa na mkewe, amerudi Mombasa, ananiposa. Nikampigia Rashid simu. "Mbona uliondoka bila neno?"

Akasema, "Nilidhani wakaa nami kwa ajili ya kazi tu. Kazi ilipopata mashine, nikaona sina langu tena pale."

Tangu siku hiyo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, maana hata mimi sikusema. Tena najiuliza, ananitaka mimi, au upweke tu ndio unaomsukuma? Na mimi nampenda yeye, au natamani mtu wa kuniitikia salamu nikiingia ndani?

Ijumaa dadake anarudi kuchukua jibu. Ndugu zangu, nishikeni mkono. Nimjibu nini?