Bendera Nyekundu ya Mzee Msengi

Nichekeni mapema ili tumalize, kwa maana mtu aliyekwisha kuserereka kifudifudi kwenye udongo mbichi mbele ya wakaguzi wa serikali, kitambaa chekundu kimemzunguka shingoni kama mbuzi wa kafara, hana tena heshima ya kuitetea. Mtu huyo ni mimi. Mimi niliyezeeka na chaki ya somo la Uraia, ninayewakanya wenzangu wa kanisa kila Alhamisi kwenye sala za jumuiya kuhusu uvumi na ushirikina, nilipanda tuta la jirani kwenda kuishusha bendera ambayo (laiti ningeuliza!) ilipandishwa ili kunilinda mimi.

Mke wangu ana shamba la mahindi nje ya mji, barabara ya kuelekea Madaba, alilorithi kwa baba yake. Msimu tulipoanza kulilima tulimkuta jirani ambaye hatukumjua, Mzee Msengi, mstaafu wa mambo ya wanyamapori aliyehamia kwetu kutoka Sumbawanga. Mnajua jinsi Watanzania tunavyoutania mji ule kwa uchawi. Nami, ingawa utani huo nimeukemea darasani mara nyingi, niliposikia ametokea huko nilijikuta namtazama mikononi, kana kwamba ningeona kitu.

Alitueleza kwa adabu kwamba ana uwanja wa kulenga shabaha, kwamba anaupanua na kuuboresha ili hata wenye bunduki kubwa waje kujizoeza, na kwamba kazi ikiisha watakuja wakaguzi. Wakiridhika atapewa kibali, wasiporidhika uwanja utafungwa, na kiinua mgongo chake chote kimezama pale. Nilimpongeza. Tulipofika mbali kidogo nikamwambia mke wangu, "Shabaha gani, Mama Tumaini? Songea hii, mtu anunue risasi ili atoboe ubao?"

"Si amesema mwenyewe?"

"Ndiyo maana simwamini. Amesema bila kuulizwa."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nikawa napalilia mistari ya mpakani tu (mke wangu aliliona hilo), na kila nilichokiona kilinipa hoja: niliona vibarua wakipandisha tuta la udongo refu kuliko nyumba, upande mmoja tu wa uwanja, tuta lisilozuia maji wala lisilopandwa kitu, niliona magunia ya mchanga yakifukiwa polepole, kwa utulivu wa watu wanaozika, niliona wanaume wawili wakibeba sanamu za mbao zenye kichwa na mabega lakini hazina uso, na kila moja imechorwa duara pale moyo unapokaa, na muda wote huo sikusikia mlio hata mmoja wa bunduki. Hebu niambieni, uwanja wa risasi usio na risasi ni uwanja wa nini? Kisha likaja lililonimaliza. Juu ya tuta ukasimikwa mlingoti, na kwenye mlingoti ikapandishwa bendera nyekundu, ikashushwa, ikapandishwa tena, kama kitu kinachojaribiwa nguvu zake. Ninyi mmesafiri nchi hii. Mmeona nyumba ngapi zenye kitambaa chekundu juu ya mti mrefu, na ndani yake alikaa nani kama si mganga?

Alhamisi nikasimama jumuiyani nikayamwaga yote. Mama Ngonyani, mwanamke asiyejua kunong'ona hata kanisani, akaniuliza, "Mwalimu, umemuuliza mwenyewe?"

"Mama Ngonyani, mchawi haulizwi."

"Mimi nimesikia Jumamosi anapokea wageni wenye magari ya maana."

"Na wakubwa wakienda kwa waganga huenda na nini? Baiskeli?"

Watu wakaguna kwa kunikubali, na mguno ule ndio ulionilevya, kwa sababu hapo hapo nikatamka kwamba Jumamosi nitaishusha bendera ile kwa mikono yangu. Neno limeshatoka, utalirudishaje?

Jumamosi asubuhi waliokuwa wameguna walipatwa na wageni na misiba ya ghafla, tukabaki mimi, mke wangu na Mama Ngonyani. Tulipofika mpakani Mama Ngonyani naye akasema, "Nenda tu, Mwalimu, nitakuombea nikiwa hapa hapa kwenye mahindi." Mke wangu alisema neno moja, "Rudi." Sikurudi. Nililipanda tuta kwa nyuma, rozari mkononi, na kwa kuwa lilikuwa refu sikuona kabisa kilichokuwa mbele yake. Nikafungua kamba. Bendera ikaniangukia kichwani, na wakati huo huo filimbi zikalia na sauti ikapasuka, "Msipige! Msipige! Kuna mtu juu ya tuta!"

Nilijivuta wima nitamke sentensi niliyoiandaa tangu Alhamisi.

"Lala chini, we mzee!"

Nikalala. Udongo ule mpya, uliolowa mvua, haukunibeba. Ukaserereka nami, kichwa kikitangulia, mpaka miguuni pa sanamu za mbao, nikainuka katikati yao na kitambaa changu chekundu. Kule mbele walisimama watu wenye bunduki na wakaguzi wao.

"Mzee Msengi," mmoja akauliza, "ulituambia sanamu ni nne. Hii ya tano inayopumua umeitoa wapi?"

Walicheka wote isipokuwa Mzee Msengi. Alinijia mbio, uso umempauka, akanishika bega.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, maana sikuwa na neno lingine.

"Marahaba, Mwalimu. Umeumia? Ulikuwa unatafuta nini huku?"

Kabla sijajibu, mahindi yakajibu kwa sauti ya Mama Ngonyani: "Amekuja kushusha bendera ya mganga!"

Mkaguzi mkuu, mama mmoja mpole wa sauti, hakucheka tena. "Mtu mzima ameingia kwa miguu yake, bendera ya kuonya kwamba risasi zitapigwa ikiwa juu. Ingekuwa dakika moja baadaye tungekuwa na maiti. Hapa sitatoa kibali."

Mzee Msengi alivua kofia, akakaa juu ya gunia la mchanga. Hakunilaumu. Angenitukana ningepata nafuu.

"Mama," nikasema, matope yakinidondoka kidevuni, "tuta halina kosa, na bendera haina kosa. Kosa lina miwani na linasimama mbele yako. Upande wa shambani haukuwekwa mlinzi kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu mwenye akili atapita huko. Nipeni mimi upande huo."

"Utasimama pale kila siku ya kulenga?"

"Nitasimama."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Ataweza," akasema mke wangu, aliyekuwa amezunguka na kufika. "Msimu mzima hana kazi nyingine pale ila kuchungulia."

Kibali kilitoka, kwa sharti la uzio na mlinzi. Nami nimeapa sitamsema mtu jumuiyani kabla sijabisha hodi kwake, na kiapo hicho nakitekeleza nikiwa nimesimama mpakani katika koti la plastiki, kwa maana kila siku ya kulenga bendera naipandisha mimi.

Juzi walipita kina mama wawili wageni, nyungo za maharage kichwani. Mmoja alitazama bendera, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. "Pita haraka," akamwambia mwenzake. "Mganga mwenyewe ndiye yule mwenye miwani."

Nilifungua mdomo niwaeleze. Kisha nikakumbuka nilivyomhukumu mtu aliyejieleza bila kuulizwa, nikaufunga, nikasubiri waniulize.

Hawakuuliza.