Nambari Niliyoikata kwa Kalamu

Wifi yangu aliniambia waziwazi kwamba chakula cha nyumbani hakiandikwi. Tulikuwa jikoni kwa mama, Kanyakine, mwaka ule mama alipopata kiharusi na mkono wake wa kulia ukakataa kazi. Nilikuwa nimetoka Embu, ninakofanya kazi, na laptopu yangu, nikaiweka juu ya gunia la viazi. Wifi huyo, mke wa kaka yangu, ni mtu wa Embu na hajui lugha yetu, kwa hiyo jikoni humo tuliongea Kiswahili.

"Sasa hiyo unaandikia nani?" akauliza. "Wewe huna bwana, huna mtoto."

Nikamjibu kwamba ninajiandikia mwenyewe, na kama kuna mtu ana shida na hilo, mlango uko wazi. Sikuwa na adabu siku hiyo na sijutii. Mukimo wa mama, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, maharagwe na majani ya malenge, ulikuwa unakufa pamoja na mkono ule, na nilikuwa nimekula wa watu wengine vya kutosha kujua hakuna aliyeupika kama yeye.

Programu ya kuandikia mapishi niliwekewa kwenye laptopu na mwenzangu wa ofisini. Unaandika jina la chakula, vinavyoingia ndani, kipimo cha kila kimoja na namna ya kupika, kisha unachapisha ukurasa safi kama wa kitabu. Shida ni kwamba mama hakuwahi kupima kitu maishani. Kila Jumamosi nilimkalisha kwenye kigoda, nikamwambia ashike mahindi, ashike maharagwe, ashike majani ya malenge kwa mkono wa kushoto uliobaki, halafu nikakiweka alichoshika kwenye mizani ndogo. Alinuna. Alisema ninampima yeye, si mahindi. Nikaendelea kupima.

Kisha programu ikauliza: watu wangapi?

"Sisi hatuhesabangi watu," mama akasema, na hakutaka mjadala.

Nililijua hilo tangu utotoni. Kwetu watu hawahesabiwi, hasa watoto, kwa kuwa ukiwahesabu unaita kifo kije kuwapunguza. Hospitalini, muuguzi alipomuuliza ana watoto wangapi, mama alitutaja kwa majina mmoja mmoja, pamoja na wawili tuliowazika, akamwachia muuguzi kazi ya kujumlisha.

Lakini programu haikuhifadhi ukurasa bila nambari. Nikaacha wazi, ikakataa. Nikaweka sifuri, ikakataa pia. Siku moja nikiwa kwangu Embu, mtaa wa Dallas, nimechoka kubishana na mashine, nikaandika tisa: baba, mama, na sisi watoto saba, wale wawili wakiwemo. Tisa hiyo nikaiweka kwenye kila chakula, nikachapisha kurasa zote kwenye saiba, duka la intaneti pale mjini, nikazitia kwenye faili.

Krismasi nikampelekea. Wifi ndiye aliyesoma kwa sauti, akaanzia juu kabisa. "Mukimo. Watu tisa."

Mama akageuza uso ukutani. "Umetuhesabu," akasema. "Hata wale."

Wifi akasema faili itiwe motoni, na kaka yangu, ambaye kwa kawaida hana neno, akanyoosha mkono aichukue. Nikaikumbatia. Nilikuwa na aibu hadi masikioni, maana kosa lilikuwa langu mwenyewe, lakini nilijua nikiiachilia mukimo ule umekwisha. Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikakaa chini miguuni pa mama, nikaikata ile tisa ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, kwa nguvu hadi karatasi nyingine zikatoboka. Mahali pake nikaandika: watakaokuja.

"Haichomwi," nikawaambia. "Kama kuna makosa nitarekebisha, lakini haichomwi."

Mama, bado ameangalia ukuta, akasema nimsomee ule wa mukimo. Nikasoma. Nilipofika kwenye majani ya malenge, konzi moja, na gramu zake nilizozipima kwa makini, akanisimamisha.

"Hiyo ni ya mkono wa kushoto," akasema. "Ule mwingine ulikuwa unashika zaidi. Leta wako tuone."

Nikaweka kalamu chini, nikampa mkono wangu wa kulia.