Vituta vya kwenye kona ya bustani

Nianze na aibu yenyewe: mimi ndiye niliyesawazisha vile vituta vya bustani ya mji, kwa jembe langu mwenyewe, huku nikiimba.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya usafi. Niliongoza majirani wa mtaa wetu wa Cimpunda hadi kwenye kona ambako majani yalishanipita kichwa. Tulipofyeka, vikaonekana vituta vidogo vimepangwa vizuri, kila kimoja kimepandwa ua jekundu. Bukavu watu wanalima popote, hata kando ya barabara, na mimi matuta ya viazi vitamu nayajua tangu utoto.

"Hii parke ni ya watu wote!" nikafoka. "Nani analima hapa?"

Maman Furaha, jirani yangu muuza makaa, akaniomba polepole, "Papa, ile kona tuiache tu."

"Kumbe shamba ni yako!"

Hakuna aliyecheka. Kichwa kigumu kama changu, nikadhani wanaogopa faini. Nikang'oa maua, nikalima mpaka pale pakawa sawa kama uwanja wa mpira. Sikuona kiazi hata kimoja.

Nilipogeuka kuuliza, Maman Furaha alikuwa amepiga magoti, anakusanya udongo kwa mikono.

"Hapa tunazikaka batoto wenye wanazaliwa wamekufa," akasema bila kunitazama. "Papa, ni wewe umelima. Ya mtoto wangu ilikuwa ya tatu kutoka huku. Unionyeshe, ilikuwa wapi?"