Jembe la Concilie

Jembe la Concilie lilikaa kwangu tangu siku waliyomzika mumewe, Gratien. Alinipitishia juu ya uzio, mpini mbele, akasema, "Mama Nella, nitunzie. Likibaki hapa nitalishika."

Nikalitundika katika chumba cha kufulia, juu ya mashine, likiwa bado na udongo aliolima marehemu.

Mazikoni sikwenda. Watu kumi tu ndio walioruhusiwa mwaka ule wa 2021, na kumi wa Concilie walijaa kabla ya kufika kwangu. Nilimzika Gratien kwenye simu ya binti yangu Nella, tumekaa jikoni, picha inakatikakatika. Alipokuwa akishushwa kaburini picha iliganda kabisa, tukabaki tunaangalia viatu vya mchungaji. Nikasema amina kwa viatu.

Concilie nilitoka naye kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, tukapanda ndege moja, na Mungu akatupanga hapa Guildford, Australia, migongo ya nyumba zetu ikitazamana. Ni mwanamke wa maneno machache. Kambini alilima kijishamba cha ukubwa wa mikeka miwili na akalisha watu saba. Hapa anaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na wale wazee wanamwita "darling" kwa sababu jina lake linawashinda. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na Gratien, na Gratien alikuwa na maharage yake.

Mbegu ya kwanza alipewa na mzee mmoja wa Kimalta aliyekuwa akiishi nyumba ya pembeni. Yalikuwa maharage ya rangirangi, hayana mpango. Gratien akitoka kiwanda cha kuku, mikono bado inanuka manyoya, anakaa kwenye ngazi ya nyuma anachagua: anaweka yale ya manjano yenye mistari myekundu, mengine anampa mkewe apike. Kila masika ya huku, baridi ikiisha, alipanda yaliyochaguliwa, kila kiangazi akachagua tena, mpaka siku moja akaniita uzioni akanionyesha kiganja kimejaa. "Angalia, Mama Nella. Haya ndiyo ya mama yangu." Mama yake aliuawa mwaka wa sabini na mbili. Mimi sikumjua, ila niliyatazama yale maharage kama ninamwamkia.

Mvua za mwezi wa tatu ziliozesha karibu yote. Ilibaki chupa moja, haijajaa. Mbegu ile hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, Gratien alilitifua tuta lote akaliacha lipumue. Halafu kikohozi. Gari la wagonjwa lilipokuja alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, akageuka akamwambia mkewe, "Udongo uko tayari. Usiharakishe kupanda, baridi bado." Ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Concilie aliyasikia bila simu.

Sasa, kwetu Warundi nyumba yenye matanga haishiki jembe. Haipandi, wala mbegu haitoki humo kwenda kwa mtu mwingine, mpaka ukoo ukutane, watu wale na kunywa pamoja, na mkubwa wa ukoo amkabidhi mjane jembe mkononi, amwambie, lima. Hapo ndipo matanga yameanuliwa. Sisi tuliookoka pombe ya mtama tumeibadilisha kwa soda, lakini jembe hatujalibadilisha.

Mkubwa wa ukoo ni Niyongabo, kaka yake Gratien, anayekaa Brisbane, jimbo la Queensland. Mpaka wa Queensland ulikuwa umefungwa, na sisi wa huku magharibi ya Sydney hata kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani tulikatazwa. Concilie alimpigia simu akiwa uani, sauti wazi, mimi nimesimama juu ya ndoo upande wangu.

"Shemeji, tufanye kwa simu. Hata ibada tunafanya kwa simu."

"Ibada ni ibada. Jembe nitakupaje, nilitume kwa meseji?"

"Mbegu haziwezi kungoja."

"Zitangoja. Gratien ni mdogo wangu, Concilie. Sitamwanua kama shati kwenye kamba." Akaanza kulia, na Concilie akakata simu ili asimsikie.

Mzee Elkana wa kanisa letu naye alipiga. "Dada, sisi ni watu wa neema. Chukua jembe ulime."

"Mzee, mdogo wako alipofariki, mkewe alipewa jembe?"

"Alipewa."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Lakini wakati ule hakukuwa na korona, dada."

"Basi niombee," Concilie akasema.

Mwisho wa mwezi wa nane jua lilianza kulegeza udongo. Mimi nilipanda vitunguu na mchicha wangu, nikang'oa magugu. Jasmini ya uzioni ikachanua, nyuki wakarudi kwenye mlimau. Yule mjusi mnene mwenye ulimi wa buluu akatoka chini ya mabati, akalala kwenye jua kama mgeni aliyelipiwa chumba. Mwaka wetu wa kwanza Gratien alipomwona alipanda juu ya pipa la taka akapiga kelele nyoka, nyoka, na mzee wa Kimalta akacheka mpaka akakaa chini. Nilimkumbusha Concilie kisa kile. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Tuta lake likawa wazi, jeusi, bila jani. Ndipo wakaja ndege wawili wenye miguu mirefu na ngozi ya manjano usoni, wale ambao watoto wetu wanawaita plova. Hawajengi kiota. Walikwaruza kidogo tu katikati ya tuta la Gratien, wakataga mayai manne ya rangi ya udongo. Mmoja akalala, mwingine akasimama zamu. Ukisogea anakujia usoni, na kwenye mbawa wana miiba.

Concilie akawa anawaangalia kupitia dirisha la jikoni, akitoka zamu kabla hajavua hata viatu. Jioni ananiambia habari zao juu ya uzio kama mtu anayesimulia majirani. Leo wamemfukuza paka. Leo wamebadilishana, yule wa kulala ametoka amenyoosha mguu. Nilimshukuru Mungu, maana wiki zilizotangulia alikuwa hasemi kitu.

Asubuhi moja yule ndege wa zamu alilifukuzia gari la kuleta mizigo mpaka barabarani, akagongwa. Nella ndiye aliyemkuta. Yule aliyebaki aliita mchana kutwa, halafu akanyamaza, akala minyoo haraka haraka, akarudi kulalia mayai.

Mimi nikaona hili ni somo kutoka kwa Bwana. Nikapanda ndoo yangu. "Dada Concilie, umemwona? Mwenzake amekufa na yeye kazi haiachi. Mungu anakuonyesha..."

"Mama Nella." Alikuwa anafuta vidole kwa aproni. "Usinihubirie kwa ndege. Yule hana shemeji."

Nikashuka.

Siku chache baadaye aliniita mwenyewe. Alikuwa ameshika ile chupa. Chini kulikuwa na unga mweupe, na maharage yale ya manjano yana matundu madogo ya duara.

"Fukusi," akasema.

Nikasema haraka, "Nipe nipande huku kwangu. Leo leo. Mimi sina matanga."

"Mbegu haitoki nyumba ya matanga."

"Zikiliwa zote je?"

"Unafikiri siwazi hilo?"

Kwetu mbegu inachanganywa na majivu. Huku kwenye majiko ya gesi majivu utayapata wapi? Nilichoma maboksi na majani makavu kwenye ndoo ya bati, moshi ukanifanya niogope polisi, nikampitishia kikombe cha majivu. Lakini fukusi walikuwa wameshaingia ndani ya punje. Nella alisema ziwekwe kwenye friza. Concilie akamjibu, "Mwanangu, mbegu si nyama." Mwaka uliofuata mtu wa bustani ya kanisa aliniambia kwamba baridi ile ingewaua fukusi na mbegu ingepona. Sijamwambia Concilie, na nikifa nitakwenda nalo.

Ndege aliyebaki peke yake hawezi kulalia mayai na kulinda. Kunguru wa huku wanalia kama mtoto aliyechoka, na walikaa juu ya waya wakimsubiri. Alipotoka kutafuta chakula walishuka. Concilie alitoka mbio na ufagio, mara ya kwanza kukanyaga lile tuta tangu Gratien aondoke. Alikuta maganda. Yule ndege alirudi, akakaa palepale pakavu, juu ya kitu ambacho hakipo, mpaka kesho yake. Kisha hatukumwona tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya simu, nilisikia harufu ya maharage na kitunguu. Concilie akagonga uzio. Nikapanda ndoo. Alinipa bakuli kwa mikono miwili, na chupa ya soda ya machungwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu.

"Pokea. Leo watu wanakula kwa Gratien."

Nikaangalia ndani ya bakuli. Manjano yenye mistari myekundu, mengine yamebaki ngozi tu.

"Dada, hii ni mbegu."

"Ilikuwa mbegu. Nilizichambua moja moja, Mama Nella. Nzima hazikujaza kiganja, na hata hizo ukizibonyeza zinabonyea, ndani zimeshaliwa. Nimeona afadhali ziliwe na watu kuliko na fukusi. Mtu amezikwa bila hata mmoja kula kwake. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, wala si maharage."

Nilisimama juu ya ndoo nikasali, kwa sauti, nikimtaja Gratien kwa jina na mama yake kwa heshima. Tukala, yeye kwake, mimi kwangu, uzio katikati. Hakulia. Alipomaliza alilamba kijiko, akanyoosha mkono juu ya uzio.

"Sasa nipe jembe."

Nilijua mimi si ukoo wake. Nilijua Niyongabo atasema nini. Nilikwenda chumba cha kufulia, nikalishusha, nikampa. Neno la kumwambia, lile la mkubwa wa ukoo, sikulisema. Akalichukua hivyo hivyo, akalima tuta lote mpaka giza, na mbegu ya kuweka hakuwa nayo.

Mpaka ulipofunguliwa karibu na Krismasi, Niyongabo alikuja na kreti za soda na suti nyeusi. Alikuta tuta limejaa viazi. Akazunguka, akatazama kila pembe.

"Shemeji, yako wapi maharage ya mama? Nilisema nichukue kidogo nikapande Brisbane."

"Tulikula," Concilie akasema. "Muulize Mama Nella."

Akanigeukia, yule mzee, macho yake ni ya Gratien kabisa. Nikasema, "Yalikuwa mazuri, shemeji. Ila yalikuwa machache."

Alikaa kwenye ngazi ya nyuma kwa muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akasimama, akaomba jembe mbele ya watu. Lilikuwa na udongo mbichi wa asubuhi ile. Aliuona, sote tulimwona akiuona. Akamkabidhi Concilie, akasema, "Lima."

Concilie akapiga magoti, akalipokea kwa mikono miwili.