Risasi Iliyogoma Ipuli

Juzi kwenye duka la silaha Kanyenye nilimkuta bwana mifugo akinunua risasi ndogo za bunduki yake ya kuulia mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Muuzaji akamsogezea boksi la bei nafuu.

"Chukua hizi, bwana mifugo. Si za mbwa tu?"

Yeye akalirudisha kwa kidole kimoja.

"Hizi ziligoma kule Ipuli. Pini ya bunduki iligonga ukingo wa risasi vizuri kabisa, lakini baruti haikuwaka. Mbwa akatikisa mkia. Bibi mwenye mbwa akaniuliza, 'Mwanangu, umemsamehe?'"

Muuzaji akashusha boksi la bei ghali.

Wengi wetu tungeangalia bei. Yeye alitaka risasi isiyomwachia bibi mwingine nafasi ya kutumaini.