Katambuga Nyuma ya Kaunta

Mimi ni askari wa kike, mzaliwa wa Kondoa, na kazini nilijulikana kwa kitu kimoja: kanuni. Wenzangu walinitania kwamba hata chai nainywa kwa mujibu wa sheria. Sikuchukia. Moyoni nilijiona bora kuliko wao, tena nilijiona hivyo kila siku.

Kituo chetu kilikuwa katika mji mdogo kando ya barabara ya kutoka Dodoma kwenda Kondoa. Dereva mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto, alipigwa rungu kichwani mchana kweupe na pikipiki yake ikachukuliwa. Siku ya tatu wapelelezi wakaleta mfugaji kutoka upande wa Chemba. Hakukutwa na pikipiki. Alikutwa porini karibu na pale dereva alipopigwa, akashindwa kueleza vizuri alifuata nini, maana nyumbani kwao wanazungumza lugha yao ya vidoko, yenye milio ya ulimi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

Kilichobaki ni gwaride la utambulisho. Mshukiwa husimama kwenye mstari pamoja na watu wanane wanaofanana naye, mlalamikaji hupita mbele yao, na akimtambua mtu anamgusa bega. Kosa lenyewe, unyang'anyi wa kutumia silaha, ni miaka thelathini jela. Bega likiguswa, mfugaji yule alikuwa anakwenda kuzeekea gerezani. Kusimamia gwaride nikapewa mimi, na nilifurahi kupewa.

Watu wanane niliwatoa kituo cha basi, wakisubiri gari la Babati. Nilichagua kwa makini: wembamba, warefu, wa miaka arobaini hivi. Niliwavua kofia. Mwenye ndevu nikamrudisha. Muda wote walikuwa wakinung'unika.

"Afande, basi likituacha utatupeleka wewe?"

"Dakika kumi tu, ndugu zangu."

Mshukiwa akatolewa mahabusu. Nilimwambia achague pa kusimama, akachagua katikati. Nikamuuliza kama ana pingamizi, akatikisa kichwa. Ndipo dereva akaitwa, kichwa kimefungwa bandeji. Akaanza kuupita mstari. Kule barabarani honi ikalia, wasafiri wakageuza shingo. Dereva hakuumaliza mstari. Alifika katikati, akanyoosha mkono, akamgusa bega.

"Una la kusema?" nilimuuliza mshukiwa, kalamu mkononi.

Aliniangalia, kisha akatazama chini. Akaniangalia tena, akatazama chini. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyeshikwa. Honi ikalia mara ya pili. Kwenye fomu ya gwaride, nafasi ya maoni ya mshukiwa, nikaandika "Hana", nikasaini, nikawaruhusu wasafiri wakatoka mbio.

Saa nane mchana nilikwenda kaunta kurudisha daftari. Chini ya benchi, nyuma ya kaunta, nikaona jozi ya katambuga, vile viatu vya matairi ya gari wanavyovaa wafugaji. Kwetu kila anayeingia mahabusu huacha viatu kaunta. Ni jambo la kila siku, na nilikuwa nimelizoea kiasi cha kutoliona.  Wasafiri wote wanane walikuwa na viatu vya safari, vingine vimepigwa kiwi. Mtu mmoja tu katika mstari wangu alikuwa peku.

Dereva alikuwa bado nje, kwenye benchi la wageni, akimeza vidonge vyake.

"Kaka, yule uliyemgusa umemjua kwa nini?"

"Si ndiye mliyemkamata?"

"Nakuuliza sura."

"Sura sikuiona, afande. Nilipigwa kwa nyuma. Lakini mahabusu nimemjua, hana viatu. Nikasema hawa wameshafanya kazi yao, mimi ndiye niwaangushe?"

"Kwenye maelezo yako umesema utamtambua."

"Mpelelezi aliniuliza kama nikimwona nitamjua. Nikamwambia Mungu akipenda."

Hakuwa mwongo yule baba. Alituamini sisi kuliko macho yake mwenyewe, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa upelelezi kwa hofu na kwa hasira ya kujikasirikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki ileile pendekezo la kunipandisha cheo lilikuwa mezani kwake.

"Fomu imeshasainiwa," alisema bila kuinua macho. "Umesaini wewe."

"Nimesaini uongo, afande."

"Uongo upi? Uliuliza pingamizi, hakuwa nalo. Uliuliza kama ana la kusema, hakusema. Mwanangu, unataka tumwachie jambazi kwa ajili ya katambuga?"

"Nataka niandike alivyosimama."

Hapo akaniangalia. "Andika. Ila ujue unachoandika ni kwamba kazi huijui. Nami nitakipeleka juu hivyohivyo."

Nilijifungia ofisini, na kwa karibu saa nzima sikuandika kitu. Nitasema ukweli: nilikuwa natafuta sentensi ya kumwokoa yule mtu bila kunigusa mimi. Niliandika kwamba mazingira ya gwaride hayakuridhisha. Nikaichana karatasi. Mwishowe niliandika kama mtoto wa shule: washiriki wanane walivaa viatu, mshukiwa alikuwa peku, aliyewapanga ni mimi na sikutazama miguu. Nikaongeza aliyoniambia dereva, nikaipeleka karatasi mezani kwa mkuu. Aliipokea, akaitia ndani ya jalada.

Cheo hakikuja, wala sikukitegemea tena. Pikipiki haijapatikana mpaka leo. Dereva tukikutana barabarani anageuzia uso upande wa pili, na simlaumu. Kama ni mfugaji yule aliyempiga au si yeye, sijui, na kuna siku jambo hilo linaninyima raha kabisa.

Ila kesho yake, baada ya karatasi ile, mwanasheria wa serikali alilisoma jalada, akasema hapa hakuna kesi. Jioni nikasimama kaunta mimi mwenyewe, nikamkabidhi mfugaji katambuga zake, akabonyeza dole gumba kwenye daftari. Aliinama akazifunga taratibu, mkanda mmoja baada ya mwingine.

"Unisamehe, kaka," nilimwambia, mbele ya askari wenzangu wote.

Akainua uso. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilimtosha.

"Nilikuonyesha, mama," alisema. "Mara mbili."